Triathloni ya joto kwa anayeishi Arusha au Moshi: wiki nne za mwisho, hatua kwa hatua

Kila msimu mambo ni yaleyale. Mtu wa Arusha amejifua miezi sita, anateremka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akiwa fiti, anatoka majini vizuri, baiskeli anaipiga vizuri, kisha kilomita ya tatu ya mbio anaanza kutembea. Anarudi nyumbani akiamini miguu haikutosha. Anaongeza kilomita za mazoezi, na mwaka unaofuata anatembea palepale.

Miguu ilitosha. Kilichopungua ni uwezo wa mwili kujipooza. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu na asubuhi ni za sweta. Mwinuko huzoesha damu kubeba oksijeni. Hauzoeshi ngozi kutoa jasho. Kwa wiki nne zilizobaki huwezi kujijengea pumzi mpya ya maana, ila jasho unaweza kulijenga, na siku kumi hadi kumi na nne zinatosha kama utazifuata sawasawa.

Mwongozo huu ni wa mbio za kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za miguu, zinazoanza Jumapili asubuhi pwani wakati wa kaskazi, yaani kati ya Desemba na Machi. Kwa mbio fupi, hatua ni zilezile, vinywaji tu vitapungua.

## Nani asianze

Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye kisukari na anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, aonane na daktari kwanza. Dawa za mzio na mafua za aina fulani hupunguza jasho. Muulize mfamasia kabla ya kuzimeza. Mwenye vinasaba vya selimundu, hata kama hajawahi kuumwa, amweleze daktari anachotaka kufanya, kwa sababu joto kali pamoja na mazoezi mazito vinaweza kumletea hatari ya ghafla.

Ukiwa na homa au unaharisha, simamisha mazoezi ya joto mpaka zipite siku mbili kamili ukiwa mzima.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mizani ya kidijitali inayoonyesha tofauti ya gramu 100. Mizani ya mshale haifai kwa kazi hii.
- Kipimajoto cha kidijitali cha dukani, chenye ncha isiyoingiza maji. Utapimia mwili na maji ya kuoga.
- Saa ya kupima mapigo ya moyo. Kama huna, hesabu shingoni kwa sekunde 15 kisha zidisha mara nne.
- Tracksuit, fulana ya mikono mirefu na koti jepesi la mvua.
- Stendi ya kuendeshea baiskeli ndani, ukiweza kuazima.
- Pipa safi la lita 200 lililokatwa mfuniko, au bafu la kulala, na ndoo za lita 20.
- Chumvi, sukari, ndimu, pakiti nne za ORS, kijiko cha chai na kijiko cha chakula.
- Chupa mbili za baiskeli za mililita 750.
- Mafuta ya mgando, mafuta ya kukinga jua, kofia nyeupe nyepesi.
- Tyubu mbili mpya, vyuma vya kufungulia tairi, pampu yenye geji.
- Daftari. Namba usizoandika utazikumbuka vibaya.

Pipa lililowahi kubeba dawa za shambani au kemikali usilitumie hata ukilisugua wiki nzima.

## Hatua ya 1: Jua unatoa jasho kiasi gani (siku ya 28 hadi ya 22 kabla ya mashindano)

Watu wawili wenye uzito mmoja, mwendo mmoja na jua moja wanaweza kutofautiana jasho mara mbili. Ndiyo maana ushauri wa kunywa kama rafiki yako anavyokunywa huwaponza wengi.

1. Chagua siku ya joto. Ukiwa Arusha, teremka Moshi. Ni chini kwa zaidi ya mita 500, na mchana wa Februari pale ni joto la kweli.
2. Kojoa, vua nguo zote, pima uzito, andika.
3. Kimbia saa moja kwa kasi ya siku ya mashindano. Kunywa maji kutoka kwenye chupa uliyoipima.
4. Jifute jasho, vua nguo zote, pima tena. Ukikojoa katikati, pima mkojo huo na uutoe kwenye hesabu.

Hesabu ni hii: uzito uliopungua, kujumlisha maji uliyokunywa. Kilo moja ni lita moja. Mfano: ulianza na kilo 68.4, ukamaliza na 67.5, ulikunywa nusu lita. Umetoa jasho lita 1.4 kwa saa.

Sasa tafsiri hiyo namba iwe mpango. Mchezaji huyu atamaliza kwa saa tatu, kwa hiyo atatoa kama lita 4.2. Hahitaji kuzirudisha zote; kupungua asilimia mbili hadi tatu ya uzito mwili huvumilia. Asilimia tatu ya kilo 68 ni kilo 2. Zinabaki lita 2.2 za kunywa, na kwa kuwa majini hanywi, atazinywa kwenye baiskeli na mbio: chupa mbili za mililita 750 juu ya baiskeli, na mililita 700 kwenye vituo vya maji akikimbia.

Ukiona mpango wako unadai zaidi ya lita 1.2 kwa saa, usiulazimishe. Tumbo la wengi halipitishi zaidi ya hapo ukiwa kwenye mwendo. Punguza kasi, mana jasho hushuka kasi ikishuka.

Angalia pia kofia na fulana zikikauka. Mistari mizito ya nyeupe ina maana jasho lako lina chumvi nyingi. Andika hilo, utalihitaji hatua ya 3.

Umefaulu kama: una namba moja ya jasho kwa saa, iliyopimwa kwenye joto, na una mpango wa mililita ngapi utakunywa wapi.

## Hatua ya 2: Zoesha mwili joto (siku ya 21 hadi ya 8)

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapokosea kwa kuzidisha.

Katika siku tatu hadi tano za mwanzo, maji ya damu huongezeka, hivyo moyo hausukumi kwa shida tena. Baadaye jasho huanza kutoka mapema, hutoka kwa wingi, na chumvi inayopotea hupungua. Ili hayo yatokee, joto la ndani la mwili lazima lipande hadi kama nyuzi 38.5 na likae hapo kwa muda, siku baada ya siku. Zoezi moja kali la Jumamosi halifanyi kitu.

Lenga mazoezi kumi ndani ya siku kumi na nne: matano mfululizo, pumzika siku moja, matatu, pumzika, mawili. Chagua kati ya njia hizi tatu, au zichanganye.

Njia ya kwanza: kushuka kwenye joto. Kwa wakazi wa Moshi hii ndiyo rahisi. Barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC ni tambarare, inakwenda kwenye mashamba ya miwa, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Toka saa saba hadi saa tisa mchana, dakika 60 hadi 90, mwendo wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Beba lita moja na nusu za maji, na usiende peke yako.

Angalizo moja. Joto la Moshi mchana ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka hadi kwenye viatu bila kukupooza. Kwa hiyo angalau mazoezi manne kati ya kumi yafanye kwa njia ya pili au ya tatu.

Njia ya pili: kujifungia. Inafaa Arusha, hasa kwa wanaoishi juu, Sakina au Ilboru, ambako jioni baridi inarudi. Funga baiskeli kwenye stendi, funga madirisha, zima feni. Vaa fulana ya mikono mirefu, tracksuit, na koti la mvua juu. Piga pedeli taratibu dakika 50 hadi 60. Unyevu wa jasho unabaki ndani ya nguo, na hiyo ndiyo hali ya pwani unayoitafuta.

Huna stendi? Kimbia na nguo hizohizo mchana kwenye njia fupi ya kuzunguka karibu na nyumbani. Epuka kwenda mbali: ukizidiwa, uwe hatua chache kutoka kwenye kivuli na maji.

Koti la mvua livae. Mifuko ya nailoni ya kujifunga kiunoni na kifuani, ile ya kutafuta wembamba, achana nayo. Haina zipu, na ukizidiwa huwezi kuivua haraka.

Njia ya tatu: maji ya moto baada ya zoezi. Hii imefanyiwa utafiti na inafanya kazi, na ina raha yake, ila majirani watashangaa unachemshia nini maji yote hayo. Kimbia taratibu dakika 40 kwenye hali ya hewa ya kawaida. Ndani ya dakika kumi baada ya kumaliza, ingia kwenye maji ya nyuzi 40 hadi mabegani.

Kuchanganya maji: mimina kwanza ya bomba, ndoo nne na nusu za lita 20. Ongeza ndoo moja na nusu ya maji yanayochemka. Kama ya bomba yalikuwa nyuzi 20, utapata nyuzi 39 hivi, kwa sababu Arusha maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 tu. Koroga hadi chini, pima kwa kipimajoto, ongeza jagi moja moja mpaka yafike 40. Yasizidi 40.5. Hapo ndipo unaingia, siyo kabla. Kumwagiwa maji ya moto ukiwa ndani ya pipa kumeunguza watu.

Siku ya kwanza kaa dakika 15, ya pili 20, kisha ongeza hadi 30 au 40. Kichwa kikianza kuzunguka, toka.

Mambo matatu hapa hayana mjadala:

- Jiko la mkaa lisiingie bafuni. Chemshia nje. Moshi wa mkaa usioonekana huua kimyakimya, na mtu aliyechoka ndani ya maji ya moto hataujua.
- Awepo mtu mzima karibu, mlango bila kufungwa kwa ndani.
- Ukitoka, simama taratibu umeshikilia kitu, kisha kaa dakika tano. Mishipa imetanuka, presha imeshuka. Kuinuka ghafla ndiko kunakoangusha.

### Kanuni inayovunjwa zaidi ya zote

Zoezi la joto liwe jepesi, na zoezi la kasi liwe la baridi. Vipande vya kasi fanya saa kumi na mbili asubuhi, mara mbili kwa wiki. Joto fanya mchana au jioni. Ukichanganya kasi na joto kila siku, mwili unachoka kabla haujazoea, na unafika pwani umeshatumika.

Kunywa kwa kiu wakati wa zoezi, na baada yake rudisha maji yaliyopotea kwa mara moja na nusu ndani ya masaa manne, pamoja na chakula chenye chumvi. Umepungua kilo moja, kunywa lita moja na nusu kidogo kidogo.

Kipimajoto cha mdomoni baada ya kuhema kwa mdomo husoma chini kuliko joto halisi la ndani. Kwa hiyo kikionyesha 39, zoezi limekwisha hapo hapo, hata kama unajisikia vizuri.

Umefaulu kama: kufikia zoezi la tano au la sita, mapigo ya moyo kwa mwendo uleule yameshuka, mara nyingi kama mapigo kumi. Jasho linaanza dakika za mwanzo. Mistari ya chumvi kwenye kofia imepauka. Rudia kipimo cha hatua ya 1 baada ya zoezi la nane: namba ikipanda kutoka 1.4 hadi 1.6, usiogope, ndicho ulichokitafuta. Sahihisha mpango wa maji.

Kuna tatizo kama: mapigo ya asubuhi kitandani yamepanda mfululizo siku tatu, usingizi umekatika, chakula hakipiti, mkojo ni wa rangi ya chai. Pumzika siku mbili kamili, kisha endelea na nusu ya muda.

## Hatua ya 3: Tengeneza kinywaji chako na ukijaribu

Vinywaji vya viwandani vya wanamichezo vinapatikana, lakini hiki cha nyumbani kinafanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Kwa lita moja ya maji safi:

- Sukari, vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa: kama gramu 60.
- Chumvi, robo kijiko cha chai: sodiamu kama miligramu 600.
- Ndimu moja, kwa ladha.

Aliyeona mistari mizito kwenye kofia aongeze chumvi hadi nusu kijiko cha chai. Asivuke hapo, kichefuchefu kitamwandama.

Sukari isizidi gramu 80 kwa lita. Ikizidi, tumbo huchelewa kuipitisha, maji yanabaki yanacheza tumboni, na wengine huharisha. Ndiyo sababu soda haifai ilivyo, kwani ina sukari zaidi ya gramu 100 kwa lita. Ukilazimika, ichanganye nusu kwa nusu na maji.

Madafu ni matamu na pwani yapo kila kona, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hupoteza hasa sodiamu. Kunywa baada ya mashindano kwa furaha yako. Wakati wa mashindano usiyategemee.

ORS nayo hueleweka vibaya. Pakiti moja kwa lita moja ina chumvi ya kutosha sana lakini sukari gramu 13.5 tu, kwa hiyo haikupi nguvu ya kuendesha. Iweke kwa jioni ya kabla na kwa baada ya mstari wa kumalizia.

Lengo la wanga ni gramu 60 kwa saa. Mililita 900 za kinywaji hiki zinakupa gramu 54. Tende mbili ndogo zinajaza pengo. Kijaribu mara nne angalau kwenye mazoezi ya joto, maana tumbo nalo hujifunza.

Onyo: kunywa maji matupu mengi kupita jasho ni hatari kuliko kiu. Sodiamu kwenye damu hushuka, mtu anavimba vidole, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Ukimaliza zoezi mizani ikaonyesha umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi.

## Hatua ya 4: Baiskeli na hewa nzito

Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kumi na kitu. Matokeo yake ni mawili, na yote yanakudanganya.

La kwanza: pwani unapumua kwa urahisi, moyo uko chini, unajiona simba kwa dakika ishirini. La pili: kwa nguvu ileile ya miguu, baiskeli inakwenda polepole kidogo, kwa sababu hewa nzito inakupinga. Mtu aliyezoea kilomita 34 kwa saa kwenye barabara ya mchepuo ya Arusha anaona 32, anadhani amelegea, anakandamiza. Hapo ndipo mbio zake za miguu zinapoharibikia.

Kwa hiyo pwani funika kasi kwenye saa, angalia mapigo tu. Kilomita kumi za kwanza za baiskeli kaa mapigo matano chini ya yale uliyozoea kwenye mashindano.

Upande wa chuma:

- Badilisha tyubu zenye vibandiko vingi. Gundi ya kibandiko hulainika tairi likipata moto wa lami.
- Upepo pima upya ukifika. Kutoka Arusha hadi usawa wa bahari geji hushuka kama psi 2 bila kuvuja popote.
- Usiache baiskeli juani ikiwa na upepo wa mwisho. Tairi la psi 90 likipata nyuzi 20 zaidi hupanda kama psi 7. Punguza 5 ukijua itakaa juani.
- Kwa safari ya basi, fungua pedeli, legeza hendeli uigeuze, fungua gia ya nyuma uifunge kwa kitambaa ndani ya fremu, weka kipande cha mbao kati ya mikono ya uma. Simamia mwenyewe inapoingizwa kwenye buti, iwe juu ya mizigo, upande wa gia ukiangalia juu. Maneno ya utingo kwamba hakuna shida hayanyooshi gia iliyopinda.

## Hatua ya 5: Kuogelea

Bahari ya pwani yetu wakati wa kaskazi hufika nyuzi 28 hadi 30. Suti ya kuogelea ya mpira acha nyumbani. Kwenye maji hayo mwili unapata moto hata ukiwa majini, hivyo kofia vaa moja tu na usianze kwa fujo.

Bwawani, kila wiki ogelea mita 400 mara tatu bila kusukuma ukuta wala kugusa chini, ukiinua macho mbele kila mikono sita au minane. Maji ya chumvi hukwaruza: paka mafuta ya mgando shingoni, kwapani na mapajani, mikono uifute kabla ya kushika miwani.

Uliza mapema kama siku hiyo ni bamvua au maji mafu. Kwenye bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, mkondo unakuwa na nguvu, na maji yakipwa unaweza kutembea mbali juu ya mwamba wenye viumbe vya miiba. Wavuvi wa pale wanajua mkondo unaelekea wapi saa ya kuanza. Dakika tano za kuwauliza zina faida kuliko ramani ya njia. Uliza na kama konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha ngozi, wameonekana.

Mazoezi ya maji ya wazi huku bara yafanye kwa uangalifu. Maji yaliyotulia yenye majani ukingoni yanaweza kuwa na kichocho, na kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu kuna mamba.

## Hatua ya 6: Wiki ya mwisho na safari

Punguza muda wa mazoezi hadi nusu, lakini vipande vifupi vya kasi vibaki. Mtu akiacha kabisa, miguu inalala. Zoezi la joto fanya kila siku ya tatu, dakika 30 hadi 40, ili usipoteze ulichojenga. Kwa mwezi mmoja bila joto ni kama hukufanya kitu.

Safiri Alhamisi kwa mashindano ya Jumapili. Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na kutwa nzima ya kukaa huvimbisha miguu. Beba chakula chako. Mtu amejitunza wiki nne, halafu anaharibiwa na kachumbari ya Korogwe. Lala ndani ya chandarua siku zote za pwani.

Ijumaa kimbia dakika 25 saa ya mashindano. Jumamosi baiskeli dakika 20 kukagua gia, kisha kivulini.

Makande, maharage na mboga za majani viache kuanzia Ijumaa jioni. Nyuzinyuzi zake zinakupeleka chooni katikati ya baiskeli. Wali, ndizi, viazi, kuku au samaki, na chumvi kidogo zaidi ya kawaida. Jumamosi usiku kunywa ORS nusu lita. Bia subiri Jumapili.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Saa tisa na nusu usiku. Wali mweupe au mkate na asali, ndizi mbivu, chai au kahawa kama umezoea. Maji nusu lita. Mkojo uwe wa manjano hafifu kabla ya kuondoka.

Saa kumi na moja na nusu. Pima upepo wa tairi. Chupa moja iwe imegandishwa nusu tangu usiku, ndiyo utakayoinywa ya pili. Dakika 15 kabla ya kuingia majini kunywa mililita 300.

Kuogelea. Mita 200 za kwanza polepole kuliko unavyotaka.

Baiskeli. Kunywa mafunda matatu kila dakika kumi hata kama hujisikii kiu, saa ikulilie. Tende kwenye kilomita ya 15 na ya 30.

Mbio. Kwenye baiskeli upepo wa kilomita 30 kwa saa ulikuwa unakupepea. Ukishuka, upepo unabaki theluthi moja, misuli inazalisha joto lilelile, jua limepanda. Ndiyo maana watu huanguka kilomita ya tatu na siyo ya tisa. Kilomita mbili za kwanza kimbia sekunde 15 hadi 20 polepole kwa kila kilomita kuliko mpango wako. Kila kituo tembea hatua kumi na tano: kikombe kimoja kinywani, kimoja shingoni na kwenye mikono. Barafu ukiipata, iweke chini ya kofia. Kilomita ya sita ndipo unaruhusiwa kuongeza.

Usimeze ibuprofen wala diclofenac asubuhi hiyo. Mwili ukiwa na upungufu wa maji, dawa hizo huumiza figo. Paracetamol nayo haishushi joto linalotokana na kukimbia.

## Dalili za kusimama

Kizunguzungu, kichefuchefu, kusisimkwa kama mwenye baridi juani: tembea, kivulini, jimwagie maji. Ukitulia ndani ya dakika kumi, malizia kwa kutembea.

Mtu akianza kuyumba, kujibu maswali hovyo, kugombana bila sababu au kuzimia, huo ni ugonjwa wa joto kali na ni suala la dakika. Jasho linaweza kuwa bado linatoka. Usisubiri ngozi ikauke. Mpooze kwanza, gari baadaye. Mtumbukize hadi shingoni kwenye maji ya barafu, kichwa kikiwa kimeshikiliwa. Pasipo na beseni kubwa, mwagie ndoo moja baada ya nyingine bila kukoma, mfunike khanga zilizolowa, mpepee, badilisha khanga kila zinapopata moto. Asiyejielewa asinyweshwe kitu.

## Ukishamaliza

Endelea kutembea dakika tano, kisha jipime uzito. Rudisha kilichopungua taratibu kwa ORS, madafu na supu. Usipokojoa kabisa ndani ya masaa sita, au mkojo ukitoka wa rangi ya kahawa iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa yoyote kuanzia siku ya saba hivi baada ya kufika pwani usiisingizie uchovu, kapime malaria.

Baiskeli ioshe kwa maji baridi ya bomba kabla ya kuipakia, ifute, na cheni uipake oili jioni hiyohiyo. Chumvi ya bahari ikikaa siku mbili ndani ya buti, utaikuta kutu imeshaanza basi likiingia Arusha.